Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Majengo, Tunduma
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Wiliam,

Mulishani mukwai! Nimeanza na salamu ya huko kwenu Ndola ili usije ukawaambia watu kwamba dada yako ni mshamba wa mpakani. Habari za siku nyingi, baba Brian? Wewe hali yako sikuulizi sana, maana hata ukiwa na homa ya kulazwa utasema uko fiti. Nitamuuliza wifi yangu Elina, yeye huwa hanifichi. Na mfunga magoli wetu, Brian, ule mguu alioteguka kwenye mpira umepona? Bado anachechemea, au ameshaanza kuwasumbua makipa wa watu? Usiache kunijibu hilo, mtoto yule namuwaza sana.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu lakini, we acha tu! Asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi, na madereva waliopanga foleni ya kuvuka wanalala na makoti mawili mawili. Duka langu la vitenge linakwenda. Wazambia wanavuka, wanashika kitambaa, wanakinusa, wanasema watarudi, na wengine kweli wanarudi. Mama yupo, anakula vizuri, ila amenuna. Kahawa yake kule Itaka imeanza kuwa nyekundu na yeye amekaa hapa Tunduma anahesabu matairi ya malori. Kila asubuhi ananiambia kwamba ndege wanakula kahawa yake, na kila asubuhi namjibu kwamba ndege hawali kahawa, na yeye ananiambia mimi nimekaa mjini mno, siwajui ndege wa Itaka.

Najua unajiuliza kulikoni, siku hizi nani anaandika barua. Simu ninayo na vocha ninayo. Lakini haya ninayotaka kukuambia siyawezi kwa simu, na sababu utaiona mbele, usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule. Barua nimempa mkononi Aliko, yule dereva wa lori, kijana wa jirani yetu hapa. Nimemwambia akikukabidhi aondoke zake, maana wewe utataka kumpeleleza na yeye hajui kitu.

Basi nianze na lile la simu yetu ya mwisho. Uliniambia umekaa na Elina mkakubaliana uje mwezi wa nane umchukue Mama, akaishi nanyi Ndola, na shamba la kahawa tulikodishe, kwa kuwa Mama amezeeka, kichwa kimechoka, na hawezi tena kurudi Itaka. Mimi nikakujibu kwamba ni sawa. Wiliam, mimi si kwamba nilikubali tu, mimi ndiye niliyekufikisha hapo. Tangu nilipomleta Mama hapa kwangu baada ya Krismasi, alipoteleza kwenye matope akaumia nyonga, kila nilipokupigia nilikuwa na kesi mpya ya kumshitaki.

Nilikueleza habari ya sufuria ya maharage iliyoungua mwezi wa kwanza, mpaka majirani wakaja na ndoo. Nilikueleza ufunguo wa duka uliopotea siku mbili, tukaukuta ndani ya debe la unga. Nilikueleza aibu iliyonipata siku jumuiya iliposali hapa kwangu, kina mama walipoonja mchuzi wa kuku wakatazamana, chumvi imetiwa mara mbili, mama mmoja akakohoa mpaka akapewa maji. Kila nilipokuwa nikieleza nilikuwa nikicheka kidogo na kulia kidogo, na wewe ukawa unasema pole dada, una mzigo. Na ni kweli kwamba Mama hakubisha hata siku moja. Nikiuliza nani ameacha jiko, anasema ni yeye. Nikiuliza nani ameweka ufunguo kwenye unga, anasema labda ni yeye. Kwa ile chumvi alisimama mbele ya jumuiya nzima akaomba radhi, akasema mikono ya bibi kizee imemponza. Nilimhurumia, lakini sikufichi, nilimkasirikia pia.

Mwezi uliopita katekista alitangaza kanisani kwamba kituo cha afya cha huku kwetu kinapima wazee kila Jumatano: presha, sukari, na pia kumbukumbu. Kila mzee aje na msindikizaji. Nikaona hapohapo. Nilitaka karatasi yenye mhuri, Wiliam, ya kukuonyesha wewe na ya kumwonyesha Mama mwenyewe, ili suala la Itaka life lisizungumzwe tena. Nilidhani atagoma. Unamjua Mama, sindano ya mwisho alichomwa alipokuwa na mimba yako. Lakini nilipomwambia, akajibu kwamba yuko tayari hata kesho, sharti lake ni moja tu, nimsindikize mimi mwenyewe, nisimtume mtu. Nikajisemea, masikini Mama, ameshajijua.

Tukaenda Jumatano ile ya tarehe nne. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vya marehemu Baba, vile vyeusi, maana anasema viatu vya kike vinambana. Tulikaa mbele ya dirisha la wazee mpaka jina lake lilipoitwa, Restuta, akaitika kwa sauti ya kanisani. Ndani kulikuwa na nesi kijana mwenye fomu na kalamu nyekundu. Pembeni, kwenye meza nyingine, alikaa daktari mmoja anaitwa Tuntufye, kijana mpole, naye anapima presha. Presha ya Mama ilikuwa nzuri kuliko ya nesi mwenyewe. Kisha yakaanza maswali.

Nesi alimtajia kwanza maneno matatu, shoka, daraja, ndizi, akamwambia ayashike, atamuuliza baadaye. Akamuuliza leo ni tarehe ngapi. Mama akasema ni tarehe nne, kwa sababu jana ilikuwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na akamuuliza nesi kama alikwenda misa. Nesi akacheka. Akamuuliza tuko mkoa gani. Mama akasema Mbeya. Kalamu nyekundu ikapita, kosa. Nikamwona Mama anaitazama ile kalamu. Akauliza amekosea nini, akaambiwa huu ni mkoa wa Songwe. Hapo ndipo alipoanza, na wewe unamjua akianza. Akamweleza yule binti kwamba yeye amezaliwa mkoa wa Mbeya, ameolewa mkoa wa Mbeya, amezaa na kumzika mume wake mkoa wa Mbeya, na siku zote hizo hajahama nyumba. Kama mkoa umehama, basi aulizwe mkoa umekwenda wapi, siyo yeye. Songwe anaujua sana, ila umezaliwa juzi, na yeye kawaida yake haanzi kumtaja mtoto kabla ya mzazi. Wazee waliokuwa kwenye benchi nje walicheka mpaka mmoja akagonga ukuta.

Akaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo. Alitaja ng'ombe na mbuzi kama wenzake, halafu akaingia kwenye fuko, nungunungu, ngedere, na kila kilichowahi kumlia mahindi, akiwataja kwa hasira, mpaka nesi akamwambia inatosha, nafasi ya kuandika imekwisha.

Kisha likaja lile la saa. Alipewa karatasi na kalamu ya risasi, akaambiwa achore saa ya ukutani, aweke namba zote, halafu mishale yake ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Mama alichora taratibu, ulimi nje kidogo, kama alivyokuwa akitutengenezea herufi kabla hatujaanza shule. Namba zikakaa kila moja mahali pake. Mshale mrefu akaupeleka kwenye mbili. Mshale mfupi akaupeleka kwenye tano, akaupitisha kidogo. Nesi akatazama karatasi ya Mama, akatazama karatasi yake ya majibu, akapiga mkasi mkubwa mwekundu. Kwenye karatasi yake ule mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipouona ule mkasi roho yangu ilitulia. Nilisema haya sasa, mhuri umepatikana.

Wiliam, Mama aligonga kengele ya kanisa la kigango chetu Itaka miaka kumi na tisa. Kila siku, saa kumi na moja jioni, aliitazama saa ya ukutani ya Baba, mshale mfupi ukiwa kwenye tano, akatoka kwenda kugonga. Sasa leo aambiwe hajui saa kumi na moja iko wapi? Alisimama. Akamwambia yule nesi, kwa adabu lakini kwa sauti, kwamba saa iliyo kwenye karatasi yake ya majibu ni saa tano, saa ya kupika uji wa pili, na kwamba saa kumi na moja watu wanatoka shamba. Nesi akabaki na kalamu hewani. Daktari Tuntufye akaja, akaitazama fomu, akaitazama saa ya mkononi mwake, akaigeuza fomu juu chini. Halafu akacheka mpaka akashika meza. Alisema maswali yametafsiriwa lakini saa haikutafsiriwa, imebaki ya Kizungu, na miezi yote hii wamekuwa wakiwakosesha wazee wa watu kwa kuijua saa ya Kiswahili. Akachukua kalamu akaufuta ule mkasi, akaweka vyema kubwa. Akasema inayohitaji kupimwa kumbukumbu ni fomu.

Mwisho nesi akamuuliza yale maneno matatu. Mama akajibu shoka, daraja, ndizi, halafu akaongeza na jina la nesi, ambalo alitajiwa mara moja tu mlangoni. Daktari akaniambia mimi msindikizaji kwamba mzee wangu yuko vizuri, umri wake ni miaka sabini na tisa lakini kichwa chake kinaweza kuazimwa na vijana. Nilipaswa kufurahi. Niliona aibu tu, maana karatasi niliyoitafuta nimeikosa, na nikawa najiuliza, kama kichwa cha Mama ni kizima hivi, ile sufuria je?

Wiliam, ningependa barua iishie hapa. Ni hadithi nzuri ya kumsimulia Brian. Lakini nimekwisha anza, acha nimalize.

Tulipotaka kutoka, Mama hakuinuka. Alimwambia daktari kwamba katekista alisema wasindikizaji nao wanapimwa presha, na binti yake huyu hajapimwa. Nikasema mimi sina shida. Mama akasema nikae. Nina miaka hamsini na saba, mdogo wangu, na nilikaa kama niko darasa la pili. Daktari akafunga ile mashine mkononi kwangu, ikajaa, ikashuka. Akaifunga tena mkono wa pili. Akaacha kutabasamu. Ilikuwa mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na mbili. Akaniuliza kama nimewahi kuambiwa nina presha. Nikamwambia ukweli, kwamba miaka mitatu iliyopita niliambiwa, nikapewa vidonge, nikavinywa mwezi mmoja, nikajisikia mzima nikaviacha, kwa sababu sokoni waliniambia ukivianza umejifunga maisha. Hukuwahi kulijua hilo. Mama naye sikumwambia, au nilidhani hajui.

Hapo Mama akamwambia daktari, kwa sauti ndogo kabisa, ampe na huyu karatasi achore saa.

Nilicheka. Nilimwambia daktari kwamba mimi nina duka. Nikachukua kalamu nikachora duara safi sana. Nikaandika kumi na mbili, nikaandika moja, mbili, tatu, nikawa nashuka nazo upande wa kulia. Nilipofika sita zikaanza kubanana. Saba niliiweka juu ya sita. Nane sikuona pa kuiweka, nikaiacha. Mishale nikaiweka yote miwili. Upande wote wa kushoto ulikuwa mweupe, Wiliam, hauna kitu, na mimi niliona saa yangu imekamilika. Nikamrudishia karatasi huku natabasamu. Natabasamu! Nilijua kuna jambo pale nilipomwona Mama ameshika ukingo wa meza. Daktari akaniuliza yale maneno matatu. Nilikuwa nimeyasikia mara mbili, alipotajiwa Mama na alipoyajibu. Nilikumbuka shoka. Nikatafuta, nikatafuta, hakukuwa na kingine.

Mgonjwa ni mimi, mdogo wangu. Mama alikuwa msindikizaji.

Tulikaa kwenye benchi la dirisha la dawa, na hapo Mama akanieleza mambo yote, akipapasa mkono wangu wa kushoto. Siku ya sufuria, yeye hakuwepo nyumbani. Alikuwa kwenye usafi wa kanisa. Alirudi akanikuta nimekaa mlangoni nakunja vitenge, moshi unatoka dirishani, na mimi namkaribisha vizuri na kumuuliza habari za huko. Majirani walikuja na ndoo, wakazima. Ndipo mimi nikauliza nani ameacha jiko. Alinitazama usoni akaona sidanganyi, kweli sijui, akasema ni yeye. Ufunguo alikwishaniona naudidimiza kwenye unga nikiimba, akadhani nauficha kwa sababu. Chumvi niliitia mara ya kwanza, nikaenda kufungua mlango, nikarudi nikatia tena mbele ya macho yake. Alisema alitaka kunishika mkono lakini wageni walikuwa wameshaingia.

Nilimuuliza kwa nini alikubali kubeba yote yale. Akasema mzee akisahau watu husema uzee huo, wanacheka na kupita. Mimi nikisahau, wateja watahama, na baada ya wateja yatakuja maneno, nimerogwa, nimechanganyikiwa. Yeye halei tena mtoto wala hachumbiwi, jina lake likichafuka kidogo halimpunguzii kitu. Nikamuuliza, hata lile la kupelekwa Ndola na shamba kukodishwa? Akasema Ndola angekwenda kama tungelazimisha, ila si kabla hajanifikisha kwa daktari. Ndiyo maana aliposikia tangazo la katekista alifurahi sana, na ndiyo maana alikataa nimtume mtu mwingine amsindikize. Wiliam, nililia pale kwenye benchi mbele ya watu, kamasi na machozi. Mama alinifuta kwa pembe ya kile kitenge chake cha Pasaka, kitenge nilichompa mimi.

Daktari Tuntufye alituita tena, akatueleza kwa utaratibu. Alisema karatasi ile ya saa haihukumu mtu, inachuja tu, na bado natakiwa kwenda Mbeya kupigwa picha ya kichwa. Lakini alivyoona, presha ya muda mrefu imeharibu mishipa midogo ya ubongo. Alipojua tuna kahawa alitutolea mfano wa mipira ya kumwagilia kitalu. Ukiyasukuma maji kwa nguvu miaka na miaka, mipira midogo ya mwisho inakakamaa na kuziba, na miche ya pembeni inakauka bila wewe kujua. Akauliza kama kuna siku mkono au mdomo ulilegea. Nikasema hapana. Mama akasema ndiyo, mwezi wa pili, kikombe kilinidondoka mkono wa kushoto na nilisema nimeulalia. Daktari akasema hicho huenda kilikuwa kiharusi kidogo. Hakuna mkono wa mtu hapo, alisema, na si wazimu. Kilichokufa hakirudi, ila vidonge vikinywewa kila siku, na chumvi ikipunguzwa, kilichobaki kinaweza kukaa muda mrefu. Nilimfikiria Baba. Na yeye alianza kwa kudondosha vikombe, na sisi tukapoteza miezi mingi tukiulizana ni nani aliyemfanyia vile kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Na sasa neno ambalo simu ingenishinda. Unakumbuka ile siku ya mwezi wa pili tulipokuwa tukiongea, nikakatika katikati, ukaita dada, dada, halafu ukasema huo mtandao wenu wa mpakani ni mbovu, simu yangu imenasa mnara wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia? Nami nikakubali, nikasema kweli ni mnara. Haukuwa mnara, Wiliam. Nilikuwa nakusikia vizuri kabisa. Maneno ndiyo yalikuwa hayaji. Nililitafuta jina la Brian, mtoto niliyemshika siku aliyozaliwa, sikulipata, nikakata simu. Na kila nilipochelewa kufungua duka nilisingizia kwamba simu imehamia saa ya Zambia ikarudi nyuma saa moja. Hapa Tunduma kila mtu ana kisingizio hicho, kwa hiyo hakuna aliyenishuku. Nilikuwa naogopa. Nilipomwona Mama anasahau, au nilipodhani anasahau, nafikiri moyo wangu ulifurahi kwamba ni yeye na si mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ugonjwa. Nilimuuza Mama kwako kwa simu, kidogo kidogo, ili nisijitazame.

Nimemwomba msamaha. Alisema nisimchoshe, nimpe ungo achambue maharage.

Kwa hiyo, baba Brian, mwezi wa nane njoo, tena njoo na familia yote, lakini usije kumchukua Mama. Njoo utuhamishe wote wawili twende Itaka. Shamba halikodishwi. Duka nitamkabidhi binti yangu Ikupa, ambaye tangu aolewe amekuwa akilitamani bila kusema. Nilimwambia juzi, akalia sana, halafu akaenda kuvipanga vitenge upya kwa rangi, na nakiri vimependeza. Mimi nitachuma kahawa chini ya amri ya Mama. Amekwisha niambia kwamba nachuma ovyo, nabeba na mbichi. Mtoto wa miaka hamsini na saba narudi kwa mama yangu, na sioni haya kukuambia kwamba nina hamu.

Vidonge navinywa. Ile saa aliyoichora, Mama aliiomba kwa daktari, na daktari akampa. Ameibandika na vyema yake kubwa ya kalamu ukutani jikoni, chini ya saa yenyewe. Kila jioni mishale ya saa ikifanana na ya kwenye karatasi, saa kumi na moja na dakika kumi, ananigongea kijiko kwenye sufuria, ile ile iliyoungua, nami nakuja na maji. Leo ni siku ya kumi, sijakosa hata mara moja. Ile niliyochora mimi nilitaka kuichana. Amenikataza, ameitia ndani ya Biblia yake. Anasema mwakani nitachora nyingine, tuone.

Barua hii nimeiandika siku tatu, nikipotea na kurudi, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda mlima usishangae. Msalimie sana wifi Elina, mwambie vitenge vyake viwili nimemtunzia, vile vya maua makubwa. Wasalimie majirani zenu na wote wanaotufahamu huko. Mama anakusalimu, anasema umlete mjukuu wake amwone kabla hajaota ndevu. Na huyo Brian, ule mguu alioteguka kwenye mpira umepona? Nijulishe, maana namuwaza sana.

Mama amesoma mpaka hapa, amevaa miwani, kidole chini ya kila mstari. Ananionyesha kwamba habari ya mguu wa Brian nimeshakuuliza kule mwanzo. Nilichukua kalamu nifute, akanishika mkono, akasema niache hivyo hivyo ili uzoee. Basi nimeacha. Nitakuuliza mara mbili mambo mengi kuanzia sasa, mdogo wangu. Usicheke na usiniambie nimeshauliza. Nijibu mara mbili.

Dada yako anayekupenda, leo analikumbuka jina lako na la mtoto wako,

Fortunata